Mlima haushukwi na freni peke yake: pikipiki kwenye barabara za Ngomo, Kabasha na milima mingine ya Kivu

Barabara za milima yetu ni kati ya zile zinazopendeza macho zaidi katika nchi nzima. Unapanda, unapinda, na kwa mara moja ziwa lote linafunguka chini yako. Mgeni anasimama, anapiga picha. Lakini kwenye barabara ileile motari anapita kila siku na abiria wawili nyuma, wakati mwingine gunia la makala juu yake, na pikipiki yenyewe haijaisha kulipwa.

Awe ni mtu wa kutembelea au mtu wa kazi, mlima unawauliza wote swali moja: utashuka namna gani? Kupanda kunachosha moteri, ni kushuka njo kunaua watu. Ukurasa huu unaeleza barabara zenyewe, kinachotokea ndani ya freni wakati wa mteremko, na namna ya kufika chini ukiwa mzima.

Barabara zenyewe

Tuanze na Ngomo. Iko kwenye barabara ya taifa namba 5, ile inayotoka Bukavu, inapita Nyangezi, inateremka Kamanyola, na kuendelea na uwanda wa Ruzizi hadi Uvira. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 770. Ni kusema kutoka ziwa moja hadi lingine unashuka karibu mita 700, na sehemu kubwa ya ule mteremko njo Ngomo: njia nyembamba, kona zinazofuatana, mlima upande mmoja na korongo upande mwingine. Ukiwa juu unaona uwanda wa Ruzizi umelala wote mbele yako, na milima ya Burundi ng'ambo. Kwa kuikwepa Ngomo, kwa miaka mingi magari mengi ya Bukavu na Uvira yalizoea kuzungukia Rwanda, kwa Bugarama, na kurudi Congo pale Kamanyola.

Kaskazini kuna Kabasha, kwenye barabara ya taifa namba 2, ile inayounga Bukavu, Goma, Rutshuru, Butembo na Beni. Ukitoka Kanyabayonga ukielekea Rwindi, unaacha baridi ya milima ya Lubero na kuangukia katika joto la uwanda, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Hifadhi hiyo iliundwa mwaka wa 1925 na ni ya zamani kuliko zote za taifa katika Afrika. Siku ya anga safi, toka juu ya Kabasha unaona uwanda wote na Ziwa Edward kwa mbali.

Kuna tena barabara ya namba 3, inayotoka Bukavu kwenda Walikale na Kisangani. Kisha Miti, inaingia msitu wa Kahuzi-Biega na kupanda juu ya mita 2,000. Pale ukungu unaweza kukaa hadi asubuhi iishe. Na kutoka Sake kupanda Mushaki, kwenye njia ya Masisi, kuna zile malisho za kijani zinazotoa jibini ambayo Goma yote inaijua.

Ulaya kuna watu wanaolipa pesa nyingi kwa kupita barabara za namna hii kwa raha tu. Mmoja wa milima wanayoipenda sana ni Stelvio, kule Italia: barabara yake ilijengwa kati ya 1820 na 1825, inafika mita 2,757, na upande mmoja peke yake una kona kali 48. Wale waendeshaji wanavaa makoti ya ngozi, wana pikipiki kubwa, na lami iko safi. Lakini shuka ya Stelvio na ya Ngomo zinafuata sheria ileile ya uzito. Tofauti ni hii: sisi tuna pikipiki ndogo, mzigo mkubwa zaidi, na njia yenye mashimo. Njo maana sisi tunapaswa kuijua sheria hiyo kuliko wao.

Mteremko unafanya nini kwa freni

Freni haiondoi mwendo kwa uchawi. Inaugeuza kuwa joto. Ile bande ya freni inasugua ngoma ya chuma, ngoma inapata moto, mwendo unapungua. Kwenye barabara tambarare unafunga, unaachilia, na upepo unapoza ngoma. Kwenye mteremko mrefu mambo ni mengine: ukiachilia, uzito unakusukuma tena, basi unafunga tena, na ngoma haipate nafasi ya kupoa.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme pikipiki, motari, abiria na mzigo vyote pamoja ni kilo 300. Ukishuka mita 500 za wima na uzito huo, nguvu inayotoka ingeweza kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji baridi. Ni sufuria nzima. Joto hilo lazima liende mahali fulani: kidogo linaenda katika upepo na katika pine, na linalobaki linagawanywa kati ya moteri na freni. Ukikatalia moteri kazi yake, freni zinabeba karibu yote.

Na pikipiki nyingi tunazotumia hapa, kama vile TVS na Boxer za kazi, ziko na freni za ngoma, zilizofungwa pande zote. Ngoma inakawia kupoa. Ikizidi moto, bande inapoteza uwezo wa kushika: unakanyaga, unasikia pedali imekuwa laini ao ngumu lakini pikipiki haipunguze. Mara nyingi harufu inatangulia, harufu ya kitu kinachoungua. Ukiisikia, ule ni mlima unakupa onyo la kwanza, na pengine la mwisho.

Jambo la pili ni mwendo. Ukitoka kilomita 30 kwa saa kufika 60, nguvu ya kuzuia haiongezeke mara mbili, inaongezeka mara nne. Ukiwa kwenye 40, kwa kila sekunde moja unapita mita 11. Kwenye 60, mita 17. Mbuzi akitokea kwenye kona, sekunde moja ya kushtuka tu imekwisha kukupeleka mbali vile, mbele hata mkono haujagusa freni.

Kuzima moteri: unapata nini, unapoteza nini

Watu wengi wana desturi ya kuzima moteri juu ya mlima na kujiachilia chini bila vitesi, juu ya kuchunga esansi. Tunaelewa sababu. Bei inapanda, mapato ya siku hayapande. Lakini tuangalie faida yenyewe.

Pikipiki ndogo inakunywa lita 2 hivi, ao 2 na nusu, kwa kilomita 100. Kwa mteremko wa kilomita 10, hata tukihesabu kama vile ungekuwa kwenye barabara ya tambarare, ni robo lita. Na kwa kweli ni chini ya hapo, juu ya kwenye mteremko mkono wako umeachilia gazi na moteri inakunywa kidogo sana. Faida yote inaweza kuingia katika kikombe cha chai.

Sasa hasara. Ya kwanza: ukitoa vitesi, moteri haikusaidie tena kuzuia, na freni zinabeba uzito wote. Ya pili: kwa pikipiki nyingi ndogo, fari inapata moto wake kutoka kwa moteri inayozunguka, ukizima, mwanga unakufa ao unakuwa dhaifu, na klakso inategemea tu betri kama ingali nzima. Ya tatu: anayepanda hakusikii. Mama mwenye mzigo kichwani, mtoto anayetoka shule, mtu wa chukudu, wote wanategemea masikio yao kwenye kona. Pikipiki iliyozimwa inawafikia kama kivuli.

Na tukisema chukudu: hata mtu wa chukudu, asiye na moteri, hajiachilie ovyo. Anaweka mguu kwenye kipande cha pine kinachosugua gurudumu la nyuma, anaangalia mbele, na anaanza kuzuia mbele ya uzito haujamshinda. Anajua kwamba uzito ukishapata mbio, hausikilize mtu.

Namna ya kushuka

Kanuni ya zamani inasema: shuka mlima na vitesi ileile ambayo ungetumia kuupanda. Kama Ngomo inakuomba vitesi ya 2 wakati wa kupanda, basi shuka na ya 2. Moteri italia kidogo, haiko kuharibika. Ukiachilia gazi na kuacha vitesi ndani, ile moteri inashikilia gurudumu la nyuma, na freni zinabaki za kusaidia.

Chagua vitesi juu, mbele ya mteremko kuanza, si katikati wakati mwendo umekwisha kuwa mkubwa.

Freni tumia zote mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa kufunga na kuachilia. Usikanyage ya nyuma moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Kwenye njia kavu freni ya mbele njo yenye nguvu zaidi, juu ya uzito unaegemea mbele wakati wa kushuka. Kwenye changarawe na matope ishike kwa upole, na usiifunge wakati gidoni imepinda.

Kwenye kona, punguza mwendo ungali kwenye sehemu iliyonyooka, ndipo upinde. Macho yaangalie pale unataka kutokea, si kwenye korongo: pikipiki inafuata macho. Piga klakso mbele ya kila kona usiyoona mwisho wake. Kaa upande wako wa kuume hata kama njia inaonekana tupu, juu ya camion inayopanda inahitaji nafasi kubwa ya kuzunguka.

Na mahali njia ni nyembamba, mwachie anayepanda apite. Camion iliyosimamishwa katikati ya mlima, ikiwa na mzigo, inaweza kushindwa kuanza tena na kurudi nyuma.

Ukisikia freni zimepata moto, simama mahali pa wazi, mbali na kona. Ngojea robo saa ao zaidi. Usimwagie ngoma maji baridi. Chuma cha moto kikipata baridi ya ghafla kinaweza kupasuka ao kupinda.

Kupanda, hewa na baridi

Wamotari wanaotoka Uvira wanajua: pikipiki iliyokuwa na nguvu kule chini inakuwa mvivu ikifika Bukavu. Si ugonjwa. Hewa inapungua kadiri unavyopanda. Kwenye kimo cha Ziwa Kivu moteri isiyo na vifaa vya kujirekebisha inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu yake, na kwenye mita 2,300 karibu robo. Kwa ile ya kabiretere, esansi inakuwa nyingi kuliko hewa: moshi unakuwa mweusi, buji inashika masizi. Fundi anaweza kuirekebisha, lakini ukirudi Uvira ao Baraka inapaswa kurekebishwa tena, kama sivyo moteri itapata moto kupita kiasi.

Baridi nayo inapanda pamoja na mlima. Kwa kila mita 1,000 hewa inapungua joto kwa nyuzi 6 hivi. Ongeza upepo wa mwendo na nguo iliyolowana, na mikono inakufa ganzi. Mkono wenye ganzi unachelewa kushika freni. Kwa hiyo ganti na koti, kule Lubero na Kahuzi, ni sehemu ya freni zako.

Mvua, ukungu na mlima unaoporomoka

Kwa upande wa Bukavu na Goma, kipindi cha kiangazi ni kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8. Wakati huo adui ni vumbi: nyuma ya camion huone kitu. Miezi mingine adui ni matope na maji.

Mvua inaweza kugeuza barabara kuwa kaburi. Mwezi wa 5 mwaka wa 2023, mafuriko katika teritware ya Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, yaliua watu zaidi ya 400. Vijiji hivyo viko kando ya ziwa, chini ya milima, katika eneo ambalo barabara ya Bukavu na Goma inapita. Somo kwa msafiri ni hili: kama mvua kubwa inanyesha juu ya mlima, usivuke mto uliojaa hata kama unaona daraja lingali limesimama. Maji mekundu yanayobeba vijiti na mawe yanaeleza kwamba juu kuna kitu kimevunjika. Ukiona mawe madogo yanaanza kushuka kutoka ukingo, usisimame chini yake kwa kujikinga mvua. Songa, ao rudi.

Kwa Goma kuna jambo lingine la kukumbuka. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka wa 2021, lava ilikata barabara ya Goma na Rutshuru. Mawe ya lava yana makali; yanakata pine iliyochakaa.

Mzigo, abiria na kaske

Mzigo ukiwekwa nyuma sana ao juu sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi wakati wa kupanda na gidoni haisikie tena. Weka kilicho kizito chini na karibu na motari, funga kwa kamba mbili, na jaribu kukitingisha mbele ya kuondoka. Bidoni ya esansi isikae karibu na bomba la moshi. Wakati wa kushuka, mwombe abiria asikuegemee wote. Ashike kikalio, akae wima, na asijipinde upande mwingine kwenye kona.

Abiria naye ana haki ya kusema. Mama, baba, wewe unayelipa: kama motari anazima moteri juu ya Kabasha, mwambie awashe. Kama anakataa, shuka. Haiko kumdharau mtu, ni kurudi nyumbani.

Juu ya kaske tafiti zilizokusanywa na kuchapishwa na Cochrane mwaka wa 2008 zilionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, kwa watu waliopata ajali ya pikipiki. Kaske inayoning'inia kwenye gidoni haipunguze kitu. Na ile isiyofungwa chini ya kidevu inaruka mbele ya kichwa kugonga chini.

Mbele ya kuanza safari

Chukua dakika kumi, angalia haya:

- Freni: pedali na mkono visifike mwisho. Kwenye ngoma nyingi kuna alama ndogo ya mshale inayoonyesha kama bande zimekwisha. Zibadilishe mbele ya mlima, si kisha.
- Pine: meno yangali? Hewa ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na abiria wakiongezeka ya nyuma inahitaji zaidi.
- Sheni: kwa pikipiki nyingi za kazi, ichezee sentimita 2 hadi 3, isizidi. Sheni ikiruka kwenye mteremko, moteri haiwezi tena kukuzuia.
- Fari, taa ya nyuma na klakso: jaribu zote.
- Vyombo: ufunguo wa buji, kebo ya freni na ya ambreyaje, pampu, na kipande cha kamba.
- Habari ya njia: uliza wale waliotoka kule leo, si jana. Hali ya usalama kwenye barabara hizi inaweza kubadilika kwa saa moja. Toka mapema, fika mchana, na mwambie mtu wa nyumbani unapita wapi.

Kwa wale wanaovuka mpaka: Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kuume kama sisi. Uganda na Tanzania wanaendesha upande wa kushoto. Ukivuka Bunagana kwenda Kisoro ao Kasindi kwenda Mpondwe, kona ya kwanza njo ya hatari, juu ya mwili unarudi kwenye desturi yake.

Kama freni zimekataa

Usizime moteri. Teremsha vitesi moja moja, kutoka 4 kwenda 3, 2, hadi 1, ukiachilia ambreyaje pole pole ili gurudumu la nyuma lisifunge. Pampu freni zote mbili mara nyingi. Wakati mwingine nguvu kidogo inarudi. Piga klakso bila kuacha, watu watoke njiani. Tafuta mahali barabara inainuka, ao udongo laini, ao majani. Kama hakuna, egemea upande wa mlima. Kukwaruzwa na ukingo kunauma, lakini mtu anaamka. Kwenye korongo wengi hawaamke.

Tena, mbele ya kufika hapo, kumbuka ile hesabu: lita nne za maji ya kuchemka upande mmoja, kikombe cha esansi upande mwingine. Acha moteri iwake, weka vitesi ya chini, na ukitaka kuangalia ziwa, simama kwanza.